Mchezo Unaofungua Kitabu

Samsoni alipokwenda kuoa katika mji wa Timna, aliwategea kitendawili vijana 30 walioalikwa karamuni. Dau lilikuwa kubwa: mavazi 30 ya kitani na mavazi mengine 30 ya kubadilisha. Muda wa kutegua ulikuwa siku saba za karamu. Sura ya 14 ya kitabu cha Waamuzi inaeleza kilichofuata, nacho hakitamshangaza mwalimu yeyote wa vijana. Kitendawili kilipowashinda, wageni wale hawakuketi wakafikiri. Walimtisha bibi harusi, naye akamlilia mumewe mpaka siku ya saba akaambiwa jibu, kisha akawapelekea.

Kijana wa miaka 15 aliyeingia darasa la maandiko kupitia Zoom hana haja ya kumtisha mtu. Anazima kamera, anaandika swali la mwalimu kwenye Google, na jibu linamfikia kabla swali halijasomwa mpaka mwisho. Amepata pointi zake, na Biblia yake haijafunguliwa. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuingiza michezo katika darasa la mtandaoni anapaswa kujiuliza jambo moja kabla hata ya kuchagua programu: je, mtu anaweza kuushinda mchezo huu bila kusoma andiko lenyewe? Kama anaweza, basi darasa linafundisha wepesi wa vidole.

Wapo wazazi na viongozi wa dini wanaoona kwamba mchezo na maandiko matakatifu havichangamani. Hofu yao inastahili kusikilizwa, hasa wanapomsikia kijana akitaja jina la nabii kwa mzaha ili apate pointi. Lakini mchezo wenyewe si mgeni katika mambo haya. Malkia wa Sheba, kwa mujibu wa sura ya 10 ya Wafalme wa Kwanza, alisafiri na msafara mkubwa hadi Yerusalemu ili ampime Sulemani kwa mafumbo. Wayahudi, usiku wa Pasaka, humwachia mtoto mdogo kuliko wote mezani aulize maswali manne kuhusu usiku huo, na kipande cha mkate usiotiwa chachu hufichwa ili watoto wakisake. Sababu mojawapo ya desturi hiyo ni nyepesi kabisa: watoto wasilale kabla hadithi ya kutoka Misri haijasimuliwa. Huko Israeli mashindano ya Biblia kwa watu wazima yalianza mwaka 1958, na tangu mwaka 1963 vijana kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakishindana katika Siku ya Uhuru wa taifa hilo. Na nani katika Afrika Mashariki aliyekua bila kusikia mtu akitega na wengine wakiitikia? Mtoto aliyeshindwa alitoa mji, akapewa jibu, na jibu hilo hakulisahau tena.

Kilichobadilika ni mahali pa kuchezea. Machi 2020 Kenya ilifunga shule zake kwa sababu ya korona, na Tanzania ikafanya hivyo siku chache baadaye. Nyumba za ibada zilipofunguliwa tena Kenya mwezi Julai mwaka huo, masharti yalikuwa makali: waumini wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na watoto wa chini ya miaka 13 pamoja na watu wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Sunday school na madrasa ziliendelea kufungwa. Walimu wa kujitolea ambao hawakuwa wamewahi kuendesha kikao cha mtandaoni walijikuta wakifundisha mbele ya miraba myeusi yenye majina. Ugonjwa ulipopungua, madarasa mengi yalirudi makanisani na misikitini, lakini si yote. Kwa familia za Waswahili zilizoko Uingereza, Marekani au Oman, darasa la mtandaoni ndilo linalomwezesha kijana kujifunza dini kwa lugha ya nyumbani kwao.

Programu ya chemsha bongo inayojulikana sana, Kahoot!, asili yake ni Norway. Ilitokana na utafiti wa Profesa Alf Inge Wang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Norway kilichoko Trondheim, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2013. Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Mwalimu anaonyesha swali kwenye skrini, wanafunzi wanaingia kwa namba ya mchezo kupitia simu zao, kisha wanabonyeza rangi au umbo la jibu wanaloliona sahihi. Swali moja la kawaida huwa na pointi hadi 1,000, na anayejibu haraka hupata nyingi zaidi. Baada ya kila swali, majina ya wanaoongoza hupanda na kushuka mbele ya wote.

Ukumbini jambo hili huleta shangwe. Nyumbani, kwa kijana mwenye simu moja tu, hugeuka kuwa adhabu. Swali liko kwenye Zoom, vitufe viko kwenye Kahoot, na kila akihama kutoka dirisha moja kwenda jingine sekunde zinakwenda. Mtandao ukisuasua, pointi zinapotea bila yeye kukosea chochote. Mwanafunzi wa Tandahimba nchini Tanzania anayetegemea bando la siku hawezi kushindana kwa kasi na mwenzake aliyeko London mwenye intaneti ya nyumbani, hata kama wa Tandahimba ndiye aliyesoma sura nzima jana usiku. Hilo ni tatizo la haki, na mwalimu hapaswi kulipuuza eti kwa kuwa ni mchezo tu.

Dawa ipo. Mwalimu anaweza kuongeza muda wa kila swali, kuondoa pointi za kasi, kuruhusu swali lionekane kwenye simu ya mchezaji mwenyewe, au kuwaweka vijana katika timu. Anaweza pia kutumia Quizizz, programu iliyoanzishwa Bengaluru, India, mwaka 2015, na ambayo siku hizi inaitwa Wayground. Humo kila mwanafunzi huona maswali kwenye simu yake na kuyajibu kwa mwendo wake, hata kama ni usiku baada ya kazi za nyumbani.

Je, vijana hujifunza kweli? Mwaka 2020 Wang na mwenzake Rabail Tahir walipitia tafiti 93 zilizofanywa kuhusu Kahoot. Kwa jumla waliona kwamba mchezo huo unasaidia kujifunza, unachangamsha darasa na unapunguza wasiwasi wa wanafunzi. Waliorodhesha pia malalamiko ya wanafunzi, na orodha hiyo inamgusa moja kwa moja mwalimu wa mtandaoni: intaneti inayokatika, maswali yasiyosomeka vizuri, muda unaobana, na hofu ya kushindwa mbele ya wengine.

Utafiti wa pili una uzito zaidi kwa mtu anayefundisha maandiko. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilivisoma tena. Jingine lilifunika maandishi na kujaribu kuyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 81, na wenzao asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka. Waliojipima walikuwa bado na asilimia 56, na waliorudia kusoma walibaki na 42. Katika madrasa nyingi zenye wanafunzi wa hifdhi, yaani wanaohifadhi Qur'ani, ustadhi huwataka wafunge msahafu wasome kwa moyo kabla ya kuwapa aya mpya. Sayansi imekuja kuonyesha kwa tarakimu faida ya kazi ambayo walimu hao wameifanya kwa karne nyingi. Chemsha bongo ikitumiwa hivyo, yaani kumfanya kijana avute kutoka kichwani kile alichokwisha kukisoma, ni chombo chenye nguvu. Ikitangulia kusoma, ni bahati nasibu.

Hata hivyo, kukumbuka ni hatua ya kwanza tu. Kijana wa miaka 16 hana kiu ya kujua Gideoni alibaki na watu wangapi. Anataka kujua kwa nini mtu apeleke watu 300 vitani wakati anao maelfu. Anataka kubishana, naye darasa la mtandaoni likimnyima nafasi hiyo ataendelea kuzima kamera.

Hapa ndipo michezo ya kuigiza na kuamua inapoipita chemsha bongo kwa mbali, na mfano mzuri ni Waraka kwa Filemoni. Una sura moja na aya 25, unasomeka kwa dakika chache, na ndani yake mna kisa cha kweli. Paulo yuko kifungoni. Amekutana na Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ambaye sasa ameamini. Anamrudisha kwa bwana wake akiwa na barua inayoomba apokewe kama ndugu mpendwa, si tena kama mtumwa. Kama kuna deni, Paulo anasema atalilipa yeye. Barua hiyo haikuandikwa kwa Filemoni peke yake. Wanatajwa Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani humo.

Mwalimu anagawa darasa katika vyumba vinne vidogo vya Zoom. Chumba cha kwanza ni Filemoni: wanapaswa kuamua watafanya nini barua ikifika, na kueleza hasara na aibu iliyoko mbele yao. Chumba cha pili ni Onesimo: je, wanakubali kurudi, na wanaogopa nini? Cha tatu ni kanisa la nyumbani, ambalo litaisikia barua ikisomwa kwa sauti. Cha nne ni Paulo, anayepaswa kutetea kwa nini ameomba badala ya kuamuru, ilhali anadokeza kwamba angeweza kuamuru. Baada ya dakika kumi wote wanarudi ukumbi mkuu na mjadala unaanza kwa sharti moja: hoja isiyotaja namba ya aya haihesabiwi.

Sharti hilo dogo hubadilisha kila kitu. Anayetaka kumshinda mwenzake analazimika kurudi kwenye andiko, tena na tena. Vijana watagundua wenyewe kwamba Paulo anaomba aandaliwe chumba cha wageni, na mmoja wao atauliza kama huo ni ukarimu au ni njia ya kumwambia Filemoni kwamba atakuja kukagua. Watagundua pia kwamba waraka unakwisha bila kusema Filemoni aliamua nini. Mwalimu mwerevu huweka akiba kidokezo kimoja mpaka mwisho: Wakolosai 4:9, ambapo Onesimo anatajwa kuwa ndugu mwaminifu, aliye mmoja wa Wakolosai wenyewe. Vijana wakiachiwa wabishane juu ya maana ya aya hiyo moja, dakika 40 za kikao cha bure cha Zoom hazitatosha, na itabidi wote wabonyeze kiungo upya.

Si kila darasa linaweza kumudu video ya muda mrefu. Kwa wenye bando dogo, chumba cha mafumbo kinachotengenezwa kwa Google Forms hufaa zaidi, maana fomu haili data nyingi. Mwalimu huandika fumbo, kisha huiwekea fomu sharti kwamba ukurasa unaofuata haufunguki mpaka jibu sahihi liandikwe. Fumbo linaweza kuwa hili: chukua mawe yaliyotolewa katikati ya Yordani, ondoa mawe aliyoyaokota Daudi kijitoni, kisha uzidishe kwa siku ambazo Lazaro alikuwa kaburini. Yoshua 4 inatoa 12, Samweli wa Kwanza 17 inatoa tano, Yohana 11 inatoa nne. Jibu ni 28. Anayetafuta kwenye Google bado atalazimika kutambua visa vitatu vilivyofichwa katika sentensi moja, na mara nyingi kufungua sura ni haraka zaidi. Mafumbo ya namna hii pia hayamwaibishi mtu, kwa kuwa hakuna anayeona mwenzake amekwama wapi.

WhatsApp nayo isidharauliwe. Tangu mwaka 2022 ina sehemu ya kupiga kura, na katika kundi la vijana kura moja ya asubuhi kuhusu uamuzi wa Ruthu kumfuata Naomi inaweza kuzua maneno mpaka jioni. Vijana hupenda pia kutunga kisa kizima kwa vikaragosi vya simu na kuwaachia wenzao wakitambue. Kisa cha Yusufu kinanoga sana kwa mchezo wa kupanga matukio. Mwalimu anavuruga mpangilio wa kanzu, shimo, nyumba ya Potifa, gereza, ndoto za Farao na kikombe kwenye gunia la Benyamini, na timu zinatuma mpangilio wao kwa ujumbe wa sauti.

Waislamu nao wana kisa cha Yusuf katika sura ya 12 ya Qur'ani, yenye aya 111, iliyokisimulia kutoka ndoto hadi familia kukutana tena. Lakini mwalimu wa madrasa hawezi kuunakili mchezo wa Sunday school jinsi ulivyo. Kuigiza nafasi ya nabii hakukubaliki kwa wanazuoni wengi, na aya haigeuzwi kuwa maneno ya kutania. Ndani ya mipaka hiyo uwanja bado ni mpana. Ustadhi anasoma mwanzo wa aya, mwanafunzi anaendelea. Anasoma aya mbili zinazofanana katika sura tofauti, na timu inapaswa kusema ipi ni ya wapi, kazi inayowatoa jasho hata waliohifadhi juzuu nyingi. Katika Surat al-Kahf, yenye aya 110, vijana wanaweza kupewa kazi ya kuchora ramani ya visa vinne: vijana wa pangoni, mwenye bustani mbili, Musa na Khidhri, na Dhulqarnain, kisha waonyeshe kila mmoja alijaribiwa kwa lipi. Hawahitaji kumwigiza mtu yeyote.

Moyo wa mashindano, kwa kweli, uko siku nyingi upande huu. Tuzo ya Kimataifa ya Qur'ani ya Dubai ilianza mwaka 1997, na mwezi wa Ramadhani Dar es Salaam imekuwa ikiwakutanisha vijana wasomaji kutoka nchi nyingi mbele ya umati mkubwa. Mwalimu wa mtandaoni ana cha kujifunza huko: mshiriki hupimwa kwa usahihi wa tajwidi na utulivu wa kisomo. Kasi haimwongezei alama.

Suala la zawadi linahitaji busara. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali nchini Marekani waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, wakakipata, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa kitu. Watoto waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu. Hao walikuwa watoto wadogo, lakini mwalimu anayewaahidi vijana vocha ya muda wa maongezi kila Jumamosi afikirie nini kitabaki siku vocha zitakapokwisha. Pongezi ya kushtukiza, au nafasi ya kuongoza kikao kijacho, ina gharama ndogo na haiwafanyi vijana waje kwa ajili ya malipo.

Usalama nao si wa kuachiwa bahati. Wahuni walipoanza kuvamia vikao vya mtandaoni mwanzoni mwa korona, Zoom iliweka nywila na chumba cha kusubiri kuwa mpangilio wa kawaida kuanzia Aprili 2020, na hakuna sababu ya mwalimu kuviondoa. Kahoot ina kifaa cha kuwapa wachezaji majina ya utani yaliyo salama, kinachozuia matusi kuandikwa mahali pa jina. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, kwa hiyo picha ya skrini yenye nyuso na majina ya vijana haipaswi kuishia kwenye ukurasa wa Facebook wa kanisa au msikiti bila mzazi kuulizwa.

Mchezo ambao walimu wengi huufikia mwisho ungepaswa kuwa wa mapema zaidi: kuwaachia vijana watunge maswali wenyewe. Kitabu cha Yona kinafaa kuanzia, kwani kina sura nne na aya 48 tu. Kila timu inatunga maswali matano, kila swali likiwa na jibu moja sahihi na matatu ya uongo yanayoaminika, na yote yanaambatana na namba ya aya. Kutunga uongo unaoaminika ni kazi ngumu; asiyeijua habari hawezi kuipotosha kwa ustadi. Wakifika sura ya tatu watakuta kwamba amri ya mfalme wa Ninawi iliwahusu hata wanyama, nao wafunikwe magunia na wasionje chakula. Timu yenye akili italiweka hilo kuwa jibu sahihi, ikijua kwamba karibu kila mpinzani ataliruka kwa kudhani ni utani. Wapinzani watapinga matokeo. Mwalimu hatasema lolote zaidi ya kutaja aya ya saba na ya nane, na kuwataka wafungue wasome.